Kuifanya Piano Iimbe

Girma Yifrashewa alikuwa na umri wa miaka 16 alipoketi mbele ya piano kwa mara ya kwanza. Muulize mwalimu yeyote wa chombo hiki, awe wa Nairobi au wa Vienna, atakuambia kwamba huo ni umri wa kuchelewa. Watoto wanaokusudiwa kazi hii huanzishwa wakiwa na miaka 5 au 6, vidole vikiwa bado vinakubali kuelekezwa. Girma, mzaliwa wa Addis Ababa mwaka 1967, utoto wake aliutumia kwenye krar, kinubi cha Kihabeshi chenye nyuzi 5 au 6. Piano alikutana nayo alipoingia Shule ya Muziki ya Yared katika jiji hilohilo, na tangu hapo hawajaachana. Mimi hufundisha piano hapa Eldoret, na kijana akinijia huku akinung'unika kwamba amechelewa kuanza, jina la Girma ndilo ninalomtajia kabla ya Chopin na Beethoven.

Nalitaja kwa sababu ya umri ule, na zaidi kwa sababu ya krar. Krar ni ndugu wa damu wa vinubi vya kwetu. Wakipsigis wana chepkong. Ukiteremka kuelekea Bungoma utawakuta Wabukusu na litungu lao la nyuzi 7. Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi 8, na Wakisii wana obokano, yenye sauti nzito inayotikisa kifua cha anayeipiga. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, Hugh Tracey, alipita katika nchi ya Wakipsigis na mitambo yake ya kunasa sauti, akawarekodi wasichana wakiimba na kinubi, na rekodi ile iitwayo Chemirocha imeizunguka dunia. Vyombo vyote hivi vina tabia moja ambayo mpiga piano anapaswa kuijua kabla hajajua jina la nota hata moja: uzi ukishaguswa, sauti yake haiongezeki tena, inapungua tu. Mpiga filimbi huivimbisha nota kwa pumzi. Mwimbaji huweza kuanza chini na kupanda bila kukata. Mpiga fidla ana upinde wake. Mpiga nyatiti hana kitu cha namna hiyo, na mpiga piano hana pia.

Piano imejengwa juu ya upungufu huo. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Padua aliyefanya kazi Florence, aliiunda karibu mwaka 1700, na ile kongwe kuliko zote zilizobaki, ya mwaka 1720, iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Alichokivumbua ni nyundo inayorushwa. Unapobonyeza, kibonyezo hushuka kiasi cha sentimita 1 tu, na ndani ya safari hiyo fupi nyundo ndogo iliyovikwa sufu nzito husukumwa kuelekea kwenye nyuzi. Kabla haijafika, mtambo huiachilia. Nyundo huruka yenyewe, hupiga, hurudi nyuma. Kwa hiyo wakati sauti inapozaliwa, kidole chako hakina tena mamlaka yoyote juu yake. Unaweza kukandamiza kwa nguvu zako zote, ukatikisa mkono, ukafumba macho kwa hisia, uzi haujui. Kitu pekee ulichokuwa nacho ni mwendo ulioipa nyundo, na mwendo huo ulikwisha kuamuliwa kabla hujasikia chochote.

Hapo ndipo pagumu pa kazi hii, na ndipo uzuri wake ulipo. Mpiga piano hulazimika kuisikia nota akilini kabla ya kuipiga, akapima mwendo wa kidole kwa sauti ambayo bado haipo, kisha akasikiliza inavyofifia ili ajue nota inayofuata iingie kwa kiasi gani. Ikiingia kwa nguvu mno, msikilizaji anasikia vipande viwili vilivyovunjika. Ikiingia kwa kiasi kilekile ambacho nota ya kwanza imebakiwa nacho, sikio linadanganyika na kuamini kwamba sauti moja imepita kutoka nota hii hadi ile, kama ya mtu anayeimba. Hakuna kilichoimba. Nyundo zimepiga nyaya. Lakini watu ukumbini wamesikia wimbo, na wamesikia kweli.

Wakubwa wa kazi hii walilijua jambo hili tangu zamani. Bach alipoandika vipande vyake 15 vya sauti mbili na kuvinakili kwa ajili ya wanafunzi mwaka 1723, enzi ambazo piano ilikuwa haijafika kwa watu wengi, alieleza katika utangulizi kwamba shabaha yake kuu ni kuwafundisha kupiga kwa namna ya kuimba. Chopin naye aliwahimiza wanafunzi wake wakawasikilize waimbaji wa opera, na hata wajifunze kuimba wenyewe, kwa sababu hakuona njia nyingine ya kukifikisha kidole huko. Vitabu vya ufundi wa vidole vimejaa madukani. Kitabu cha kufundisha sikio mtu hukibeba kichwani mwake.

Nina mwanafunzi, msichana wa sekondari, anayekuja Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa kanisa. Wiki kadhaa sasa tumekuwa tukifanya kipande cha kwanza kati ya vile 15 vya Bach. Ni kifupi, cha hatua 22 tu, na nota zake alizijua zote mapema. Kuelekea mwisho kuna mahali ambapo mkono mmoja unashikilia nota ndefu huku mwingine ukiendelea kutembea, kisha mikono inabadilishana kazi. Alipiga bila kosa lolote.

"Mwalimu, mbona hujaridhika?" aliniuliza. "Nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea. Nilimwambia arudie pale pa nota ndefu, na safari hii asiusikilize mkono unaotembea hata kidogo. Ausikilize ule uliosimama. Akapiga. Alipofika nota ya tatu ya mkono wa kushoto aliacha, akanitazama. Aligundua kwamba nota ndefu ilikuwa imekwisha kumezwa. Alikuwa ameibonyeza, kidole kilikuwa bado juu yake, karatasi ilisema bado inalia, lakini mkono wa pili ulikuwa umeifukia kwa kelele. Akarudia, mkono unaotembea akaupunguza. Haikutosha. Akaupunguza tena, akaipa nota ndefu uzito zaidi wa mwanzo ili iwe na akiba ya kutosha kufika mwisho. Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati na ilibidi tuinamie piano ili tusikie. Alipoipata, hakuhitaji kuambiwa. Alirudia pale mara nyingi, si kwa kuwa nilimwagiza, bali kwa kuwa ilikuwa inampendeza.

Nikiulizwa kazi ya mpiga piano ni nini, nitasema ni ile. Ni kukaa na hatua 4 za muziki alasiri nzima mpaka mkono mmoja ujifunze kumpisha mwenzake. Mzazi wa Eldoret hahitaji kushawishiwa sana kuhusu jambo hilo. Hapa watu huwaona wanariadha barabarani kabla ya jua kuchomoza, mwaka nenda mwaka rudi, na kila mtu anajua kwamba dakika 119 na sekunde 40 za marathoni ya Eliud Kipchoge kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 zilipikwa Kaptagat katika asubuhi ambazo hakuna kamera iliyozirekodi. Mwambie mzazi kama huyo kwamba skeli zinarudiwa kila siku kwa miaka, ataitikia kwa kichwa. Shida huja baadaye, anapouliza: na baada ya hapo? Atakula nini?

Swali hilo ni la haki, na maisha ya Girma hayalijibu kwa urahisi. Kutoka Yared alipelekwa Bulgaria, katika chuo cha taifa cha muziki cha Sofia, chini ya Profesa Atanas Kurtev. Akiwa katikati ya masomo, utawala wa kikomunisti ukaanguka na msaada wa wanafunzi wa kigeni ukayumba pamoja nao. Akajikuta Italia, mbali na piano, akihangaika kama wakimbizi wengine, mpaka alipopata wa kumsaidia arudi Sofia amalize alichokianza. Mwaka 1995 alirejea Ethiopia, akafundisha katika shule iliyomlea hadi 2001, kisha akaamua kuishi kwa kupiga na kutunga. Anampiga Chopin, anampiga Schumann, na baada yao anapiga vipande vyake mwenyewe: Ambassel, kilichopewa jina la mojawapo ya mifumo ya sauti ya Kihabeshi, Elilta, yaani vigelegele, na kile cha mchungaji mwenye filimbi. Vipande hivyo vilitoka kwenye albamu yake Love & Peace mwaka 2014, akiwa anakaribia miaka 47. Hesabu miaka: tangu siku ya kwanza mbele ya piano hadi albamu hiyo ni miongo mitatu. Ukisikiliza Ambassel utasikia mkono uliofunzwa Sofia, na chini yake mtoto aliyejifunza kwenye krar kwamba sauti iliyoguswa inaondoka.

Mwingine ambaye simwachi ni Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Alizaliwa Addis Ababa Desemba 1923, katika familia ya heshima kubwa, akapelekwa shule ya bweni Uswisi akiwa na miaka 6, akajifunza fidla, kisha piano. Waitalia walipoivamia Ethiopia, yeye na jamaa zake walichukuliwa mateka mwaka 1937 na kupelekwa kisiwa cha Asinara, halafu Mercogliano. Vita vilipokwisha alikwenda Cairo kwa mwalimu wa Kipolandi, Alexander Kontorowicz, na huko alifanya mazoezi saa 9 kwa siku, 5 za piano na 4 za fidla. Kisha nafasi ya kwenda kusoma London ikafungwa. Hakuruhusiwa. Msichana aliyekuwa ameandaliwa kwa kumbi za Ulaya akaacha kila kitu, akaingia utawani katika mlima mtakatifu wa Gishen Mariam, akakaa huko miaka 10 akitembea bila viatu.

Muziki ulimrudia. Mwaka 1967 rekodi yake ya kwanza ilitolewa Ujerumani, na mapato yakaenda kwa wahitaji. Mwaka 1984 alihamia Jerusalem, kwenye monasteri ya Wahabeshi, akaishi katika chumba kidogo pamoja na piano yake. Dunia ilimgundua mwaka 2006, rekodi zake zilipokusanywa katika juzuu ya 21 ya mfululizo wa rekodi uitwao Éthiopiques, wakati huo akiwa na zaidi ya miaka 80. Alifariki Machi 2023 akiwa na umri wa miaka 99. Vipande vyake vinatembea kwa mwendo usiopimika kwa saa: mkono wa kushoto unayumba taratibu, wa kulia unasimulia kwa nota za pambo zinazotoka moja kwa moja katika nyimbo za kanisa la Kihabeshi. Wapo wanaomwita mpiga jazi. Mimi nasikia mtu aliyefunzwa kwa Bach na Beethoven na akakataa kusahau alikobatizwa.

Sisimulii habari hizi ili kumtisha mzazi wala kumdanganya. Wapiga piano wa ukanda wetu wanaoishi kwa kupanda jukwaani peke yao, mwanga ukiwaangaza, wanahesabika. Kazi iliyopo, ambayo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, iko kwingine: Jumapili asubuhi kanisani, harusi Jumamosi, matanga katikati ya wiki, masomo ya nyumbani, watoto wanaotayarishwa kwa mitihani ya ngazi 1 hadi 8 inayotungwa London, wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa mtihani wa vitendo wa somo la muziki. Na kuna Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, ambalo kila mwaka huzikusanya kwaya kutoka shule za kila aina.

Kazi ya tamasha ndiyo ninayotaka kuisifu zaidi, kwa sababu ndiyo isiyosifiwa. Kwaya inapanda jukwaani, sare zimepigwa pasi, mwalimu wa kwaya anainua mikono. Pembeni, mgongo wake ukiwa nusu umewaelekea wasikilizaji, ameketi mtu wa piano. Kazi yake ni kuwasindikiza. Jicho moja liko kwenye mikono ya mwalimu, jingine kwenye karatasi, na masikio yote mawili yako kwa watoto. Sauti ya kwanza imeshikwa na woga na inakimbia: anaivuta nyuma kwa kuutia uzito kidogo mkono wa kushoto, si sana, maana akizidisha ataonekana anagombana nao. Sauti ya nne imeanza kushuka: anainong'onezea nota yake katika besi hatua moja kabla, waipate bila kujua wameipata wapi. Mwimbaji wa peke yake ameruka mstari mzima wa ubeti. Mpiga piano ana muda usiofika nusu sekunde wa kuruka naye, na akiruka vizuri, waamuzi wataandika kwamba msichana yule alitulia sana jukwaani.

Anapumua nao pia. Hili halifundishwi kwenye karatasi yoyote. Kwaya inavuta pumzi kabla ya kuingia, na mpiga piano asiyevuta pumzi pamoja nayo atawahi au atachelewa kwa kitu kidogo sana, kidogo kiasi kwamba hakuna atakayekitaja, lakini wimbo wote utakaa upande. Mguu nao una kazi yake. Pedali ya kulia huinua vizuizi vyote na kuziacha nyuzi zote ziitikie. Aliyeanza juzi huikanyaga sawia na nota, na sauti mpya inachafuka kwa mabaki ya zamani. Aliyekomaa huiachia pale nota mpya inapogongwa na kuikanyaga tena mara moja baadaye. Nota ya zamani inaondoka mlango uleule ambao mpya inaingilia, wala mlango haufungwi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Usindikizaji mzuri haujiuzi, kwa maana ukiwa mzuri kabisa hakuna anayeuona. Wote wanaisifu kwaya. Gerald Moore, Mwingereza aliyezaliwa 1899, alijenga maisha yake yote juu ya kiti hicho cha pembeni. Aliwasindikiza Dietrich Fischer-Dieskau, Victoria de los Angeles na waimbaji wengine wakubwa wa karne yake, na kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1962 alikipa jina ambalo ni swali la kila msindikizaji: je, napiga kwa sauti kubwa mno? Alipostaafu jukwaani mwaka 1967, waimbaji wale walikuja London wakaimba kwa ajili yake. Kwetu bado hatujafika hapo. Nimeona hafla ambapo kila mtu alishukuriwa kwa jina, mpaka mwenye mahema na viti, na mtu wa piano akakunja karatasi zake akaenda stendi kutafuta matatu. Hatukumnyima pesa tu. Tulimnyima ushahidi kwamba tulimsikia.

Piano yenyewe nayo inahitaji mtu wa kuisikia. Ndani ya sanduku lile kuna nyuzi zaidi ya 200, kwa sababu nota nyingi kati ya zile 88 zina nyuzi 3 kila moja, na zimekazwa kiasi kwamba fremu ya chuma inabeba mvuto wa tani 15 hadi 20. Nyuma yake kuna ubao mwembamba unaozipaza sauti, na ubao ni ubao. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua za Aprili hadi Agosti zikishika, ubao unavimba na sauti zinapanda. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kikikausha hewa, unasinyaa na sauti zinashuka, wala hazishuki sawasawa. Ongeza panya wanaopenda sufu ya nyundo kwa kutandikia viota, na mchwa wasiobagua mbao. Piano iliyoachwa bila fundi miaka kadhaa haifi kwa ghafla. Inakuwa ya uongo, na mtoto anayejifunzia juu yake anajifunza uongo.

Mafundi wa kazi hii ni wachache nchini. Mmoja niliyemtazama akifanya kazi alianza na chuma chake chenye ncha mbili, kinachotoa La ya mitetemo 440 kwa sekunde, akakigonga gotini. Kisha akaziba nyuzi 2 kati ya 3 kwa kipande cha mpira, akageuza ufunguo kwenye pini kwa kiasi ambacho jicho langu halikuweza kukiona, akisikiliza mawimbi yanayotokea nyuzi mbili zisipolingana: wou-wou-wou ya haraka, halafu ya polepole, halafu ukimya. Siku nzima alifanya hivyo. Alipomaliza hakupiga wimbo wowote. Alibonyeza nota moja ya katikati, akaisikiliza hadi ilipokwisha, akafunga begi lake. Namhesabu miongoni mwa wapiga piano.

Sitawasema vibaya vijana wa kibodi. Ibada nyingi za jiji hili zinasimama juu ya mabega yao, na wana masikio ambayo wahitimu wengi hawana: muumini anaanza pambio katika sauti yoyote iliyomjia, na kabla ya mstari wa pili kijana ameshampata. Lakini kuna kitufe kimoja kwenye kibodi kinachonisikitisha, kile cha kuhamisha sauti. Kijana anajifunza vidole vya Do moja, na wimbo ukipanda anabonyeza kitufe badala ya kuhamisha mkono. Baada ya miaka 10 anajua nyimbo mia kadhaa na mlango mmoja tu wa kuziingilia. Chopin aliwaanzisha wanafunzi kwa kuweka vidole vitatu vya kati juu ya vibonyezo vyeusi, kwa sababu mkono wa binadamu unakaa hapo kwa starehe zaidi kuliko kwenye vyeupe vitupu. Milango mingine si migumu kama inavyosemwa. Kijana mwenye sikio la namna hiyo akipata mwalimu mwaka mmoja tu, atashangaza watu.

Wala si lazima apitie kwa Wazungu peke yao. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana alichapisha mwaka 1994 vipande 12 vya kufundishia piano vilivyojengwa juu ya midundo na nyimbo za Kiafrika, na mtunzi wa Nigeria Akin Euba alitumia maisha yake kuonyesha kwamba chombo hiki kinaweza kuongea kwa namna ya ngoma na marimba zetu. Huwapa wanafunzi Bach na Nketia wiki moja. Mkono unaoufahamu mdundo wa tatu juu ya mbili kutoka ngomani huushika kwa Nketia bila kuhesabu, na kwa ujasiri huo hurudi kwa Bach ukiwa umesimama wima. Natamani kumwona mtunzi wa hapa akiandika vipande vya namna hiyo kutoka kwenye nyimbo za chepkong na litungu. Havihitaji kuwa vikubwa. Kurasa mbili mbili za mtoto wa darasa la tano zinatosha kuanzia.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Barabara zinapanuliwa, uwanja wa Kipchoge Keino unazungumzwa kila wiki, na ni haki yake. Ombi langu ni dogo kuliko hayo na halihitaji mkandarasi. Wazee wa kanisa, wakuu wa shule, nanyi mliorithi nyumba kubwa zenye fanicha za zamani: ikiwa mna piano iliyofunikwa kitambaa na kuwekewa vyungu vya maua juu, ondoeni vyungu. Maji ya maua huingia ndani. Iondoeni ukutani panapopigwa na jua na penye unyevu. Mwiteni fundi mvua zinapokwisha, na mwiteni tena kiangazi kinapokwisha, na gharama yake iwekeni kwenye bajeti pamoja na rangi na mabati. Kisha mpeni ufunguo mtoto mmoja anayeutaka kweli, saa moja kila siku baada ya masomo, hata kama ana miaka 16.

Na katika tamasha lijalo, mshereheshaji atakapomaliza kuitaja kwaya na mwalimu wake, amtaje kwa jina mtu aliyeketi kwenye piano.